Njia Ile Ile, Saa Ile Ile

3 Februari

Kaka Tofali,

Shikamoo. Natumaini humo gerezani wamekuachia meno yako yote. Yangu yamepungua moja, la upande wa kushoto. Leo nakuandikia mambo niliyokuficha mwaka mzima, kwa hiyo kaa chini kwanza. Na askari anayesoma barua zenu naye akae.

Nimemwacha yule bwana. Usianze kusema "nilikwambia." Uliniambia, nikasikia, nikaolewa. Alianza na makofi, akahamia kwenye mkanda, na mwezi uliopita alinishika nywele akanigonga uso kwenye ukingo wa sinki mpaka sinki likapasuka. Unajua alilalamikia nini? Sinki. Mimi natema damu, yeye anauliza mwenye nyumba ataambiwa nini. Nilingoja aende kazini, nikachukua nguo na viatu, nikatoka.

Sasa niko mji mwingine, nimepanga chumba nyuma ya gereji, na nimepata kazi kwenye bucha la mzee mmoja mwenye kifua kama pipa. Simu nimeitupa kwa sababu ndiyo aliyokuwa akinifuatilia nayo.

Shida yangu ni hii. Shemeji yako ni fundi kufuli. Mlango wowote nitakaoufunga, yeye anajua unafunguliwa vipi. Mara ya kwanza nilipomkimbia nilijifungia kwa dada mmoja wa kazini, makufuli mawili na komeo. Nikaamka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameyashika makufuli yote mawili kama machungwa, anatabasamu. Tangu siku hiyo milango siiamini. Nimebaki na miguu.

Utasema mimi mtu wa bucha, visu ninavyo. Ndicho ninachokiogopa. Kutwa nzima napasua mifupa ya ng'ombe, najua kiungo kinaachia wapi. Nikishika kisu mbele ya yule mtu sitajua kuacha, halafu mimi na wewe tutaandikiana gereza kwa gereza. Sitaki kufa, Kaka, na sitaki kuua. Nataka siku akinifikia niweze kumkimbia mpaka aishiwe pumzi.

Lakini sikimbii! Siku ya kwanza nimekimbia mpaka kona, nikatapika. Siku ya pili miguu imekuwa kuni. Siku ya tatu mvua. Siku ya nne hapakuwa na mvua, nikajiambia huenda ikanyesha. Ungedhani hofu inatosha kumtoa mtu kitandani. Wapi! Hofu inanifanya nivute shuka. Wewe ulikuwa unafundisha mabondia, tena wavivu kuliko mimi, na walikuwa wanakimbia kila siku ya Mungu. Uliwafanya nini?

Mdogo wako,
Kobe


11 Februari

Kobe,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikaupiga ukuta ngumi. Nikaisoma tena, nikaupiga kwa mkono wa pili. Sasa mikono yote imevimba, na ukuta hauna habari. Huyo mwanamume nikitoka nitamtafuta, nitamvunja mfupa mmoja mmoja huku nikimtajia jina la kila mfupa. Bwana askari unayesoma, huo ni utani tu.

Unajua kwa nini niko humu. Nilimvunja mtu taya kwa ngumi moja kwa sababu alimpiga teke kijana wangu aliyekwisha kuanguka ulingoni. Mkuu wa gereza ameniambia nikikaa bila ugomvi natoka mwaka huu. Kwa hiyo nimekuwa kondoo. Jana mtu kanimwagia chai ya moto kifuani makusudi, nikamwambia asante.

Haya, mbio. Kwanza acha kungoja hamu. Hamu haiji, na ikija inakuacha kwenye ile kona yako ya kutapikia. Mabondia wangu sikuwapa hamu. Niliwapa saa na njia. Saa ile ile, njia ile ile, kunyeshe kusinyeshe. Mwili ni punda, hauelewi hotuba. Mpitishe njia moja kila siku, na siku utakayosinzia atakufikisha mwenyewe. Ukimbadilishia badilishia, atasimama katikati ya barabara akutazame.

Pili, hakuna bondia wangu aliyekimbia peke yake. Mtu hujidanganya mwenyewe bila haya, lakini huona aibu kumwacha mwenzake barabarani. Kwa hiyo tufanye hivi. Humu kengele inalia saa kumi na mbili asubuhi na tunatolewa uani. Kengele ikilia, naanza kuzunguka ua. Na wewe huko, saa hiyo hiyo, uwe umefunga viatu. Mimi nitajua uko njiani, wewe utajua niko njiani. Siku ukilala, umeniacha nazunguka peke yangu mbele za watu kama mwehu.

Usianze kwa kasi. Jina la Kobe ulilipata kwa haki, ulichelewa hata kuzaliwa. Kimbia mwendo ambao unaweza kutukana bila kukatika pumzi. Wa kumtukana unaye.

Kaka yako,
Tofali


2 Machi

Kaka Tofali,

Nimekimbia! Tangu barua yako ifike sijakuacha hata asubuhi moja. Jumanne nilifumbua macho nikasema leo hapana, mgongo unauma, jana tulishusha ng'ombe wawili. Kisha nikakuona unazunguka huo ua na kichwa chako kikubwa, wenzako wanacheka. Nikatukana, nikavaa viatu.

Njia yangu ni hii. Natoka gereji, nafuata ukuta wa shule, napita duka la vifaa vya ujenzi, navuka daraja la reli, nazunguka kiwanda cha sabuni, narudi hadi bucha. Bosi ananipa maji kwenye kopo na kunitazama kama mtu aliyenunua mbuzi akaletewa farasi.

Mbwa wa gereji aliniuma kisigino siku za mwanzo. Kesho yake nilibeba mfupa wa paja, nikamtandika nao puani, akalia, kisha nikampa autafune. Sasa tunaheshimiana. Laiti wanaume wote wangekuwa hivyo.

Nikupe siri moja. Nilipofika darajani jana sikuwa namwaza yule bwana kabisa. Nilikuwa nasikia miguu yangu tu, tap tap tap, na nikawaza: hapa Tofali anamaliza mzunguko. Nikalia machozi ya furaha barabarani, mpita njia mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Usiniache na mimi sikuachi.

Kobe


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii usome peke yako, vijana wanaokusaidia kushona magodoro watoke nje. Ulitulea mimi na Kobe tangu tukiwa wadogo, na hujawahi kupeleka neno la mmoja wetu kwa mwingine hata siku moja. Naomba ukae hivyo hivyo.

Kobe amekueleza kuhusu mbio zetu. Nilikuwa nakimbia kweli, Shangazi. Kila asubuhi kengele ikilia, nazunguka ua, napita upande ule ule wa mabomba ya maji. Kumbe pale kwenye mabomba ni kijiwe cha kundi moja humu, wana biashara zao, na hawapendi mtu apite mara kumi akiwatazama. Waliniambia nibadili njia au nibadili saa. Nikawajibu nina ahadi na mtu.

Hawakurudia kusema. Walijua nitapita saa ngapi na kona ipi, hawakuhitaji hata kunitafuta. Wawili walinidaka mikono, wa tatu akanipiga gotini kwa ndoo iliyogandishwa saruji. Alipiga mara ya kwanza nikasikia mlio, akapiga tena, na tena, mpaka mguu ukaelekea upande ambao mguu hauelekei. Nilimng'ata mmoja shavu, nikatema kipande. Kisha sikujitambua tena.

Daktari anasema nitatembea na gongo. Kukimbia, nisahau. Mkuu wa gereza ameandika kwamba nilianguka bafuni, nami nimekubali, hata askari anayesoma barua hii anaujua ukweli na amefumba macho, maana nikisema ugomvi sitoki mwaka huu.

Kobe asijue. Anaamka kwa sababu yangu. Akijua sikimbii tena huu ua, atarudi kitandani avute shuka, na yule mshenzi atamkuta hapo hapo. Niapie.

Tofali


24 Machi

Kobe,

Leo nimezunguka ua mpaka askari wa mnarani akachoka kunitazama. Miguu chuma! Wewe je? Nasikia mvua huko ni kubwa. Mvua si sababu. Saa kumi na mbili niko njiani, usije ukanifanyia mchezo wa kuhamisha saa kama wale mabondia waliokuwa wakisema "Kocha, leo nitakimbia jioni." Jioni haikimbiwi. Saa ile ile, njia ile ile.

Kaka yako,
Tofali


10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nimefunga mlango, ingawa najua mlango ni pambo tu.

Amenipata. Sijui kwa njia gani, labda kupitia kwa watu wanaouza ng'ombe, wenye bucha wote wanajuana. Wiki iliyopita nilimwona ng'ambo ya barabara kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameegemea rundo la mabomba, anavuta sigara. Hakunifuata. Aliinua mkono kunisalimia kama mtu na jirani yake. Juzi alikuwepo tena. Leo asubuhi hakuwepo, lakini palikuwa na vichungi vya sigara chini, na kimoja kilikuwa bado kinafuka.

Nilikwenda polisi. Askari wa zamu akaniuliza, "Amekugusa?" Nikasema bado. Akasema basi mama, akikugusa uje.

Najua utaniambia nibadili njia. Nimewaza hivyo, nikafika hadi mlangoni nikiwa nimechagua barabara nyingine na saa nyingine. Kisha nikamkumbuka Kaka. Saa hiyo anazunguka ua na anaamini niko naye. Nikibadili saa ataona kwenye barua, kuongopa mbele yake sijawahi kuweza, ataniuliza kwa nini. Na akijua kwa nini, atampasua mtu wa kwanza atakayesimama mbele yake humo ndani, na kutoka kwake kutakuwa kumekwisha. Amebakiza miezi tu, Shangazi. Bora nikimbie kasi zaidi nikipita lile duka.

Yule mtu anakohoa. Ana mapafu ya mvutaji. Nadhani namshinda.

Usimwambie Kaka. Umetulea bila kupeleka maneno, usianze uzeeni.

Kobe


16 Aprili

Kobe mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu na nimejichoma sindano ya magodoro kidoleni hadi mfupani. Damu imeingia kwenye kitambaa cha mteja. Naiacha hivyo hivyo, alalie.

Mnadhani mimi ni mtungi, kila mtu anakuja kumimina siri yake na kufunika. Mlipokuwa wadogo siri zenu zilikuwa nani amevunja kikombe. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mjifunze kuambiana wenyewe. Kumbe niliwafundisha kufichana.

Mwandikie kaka yako leo. Mwambie badiliko la saa na sababu yake. Hilo ni moja. La pili, usitoke asubuhi ya kesho, wala ya keshokutwa. Mwache Kaka akimbie bila wewe. Hatadhurika. Nakwambia hatadhurika, na usiniulize nimejuaje.

Njoo kwangu. Magodoro hapa ni mengi, huwezi kukosa pa kulala.

Shangazi yako


17 Aprili

Tofali,

Jana nilimwandikia mdogo wako nusu ya ukweli. Usiku kucha nimejigeuza, na leo nakuandikia wewe ukweli mzima. Kiapo chako nakirudisha, kichukue.

Fundi kufuli amempata. Anamngojea njiani, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, saa ile ile unayompigia wewe kengele. Msichana anamwona, anajua, na bado anapita hapo. Unajua kwa nini? Ili asikuache peke yako. Anadhani unakimbia. Wewe umekaa kitandani na goti lako la unga unamwandikia asihamishe saa!

Waswahili walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lako limevunjika na bado hujasikia. Wewe umevunjwa kwa sababu watu walijua utapita saa ngapi na wapi, halafu somo hilo hilo umelifunika kwa aibu, huku mdogo wako anapitia darasa lile lile. Ungemwambia mguu wako umefanywa nini, angeelewa kila kitu bila kuelezwa na mtu.

Andika sasa. Mimi barua yangu ataidharau, atasema ni woga wa wazee. Yako ataisikia.

Shangazi


22 Aprili

Kobe,

Simama. Usitoke kesho. Usitoke siku yoyote saa kumi na mbili, usipite kwenye lile duka, hata ukiwa unakwenda kazini.

Sikimbii. Sijakimbia tangu katikati ya Machi. Goti langu la kulia wamelisaga kwa ndoo ya saruji kwa sababu nilipita kona ile ile kila asubuhi, na walinionya, na nikajifanya mwanamume. Barua niliyokwambia miguu chuma niliiandika nimelala chali, muuguzi ananibadilishia bandeji. Nilikudanganya. Nilidhani bila mimi hutaamka.

Shangazi ameniambia kuhusu huyo mtu. Hapana, sijapasua mtu yeyote. Siwezi hata kusimama nimpasue. Nimekaa na kalamu tu.

Barua humu zinatoka Jumamosi tu. Nimemsihi askari wa ofisi, nimemlilia, Kobe, mimi Tofali nimelia mbele ya askari. Anasema utaratibu ni utaratibu. Naomba uwe umelala. Naomba leo uwe mvivu kama zamani, uwe umejifunika shuka gubigubi, umeniacha.

Tofali


30 Aprili

Kaka,

Barua yako imenifikia jana, wodini. Ya Shangazi ilinifikia mapema, nikaisoma, nikasema ni woga wa wazee.

Ilikuwa tarehe 24. Asubuhi hiyo kamba ya kiatu ilikatika, nikahangaika nayo, nikatoka nimechelewa kidogo. Nilipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi sikumwona ng'ambo ya barabara, nikashukuru. Kumbe alikuwa upande wangu, nyuma ya mabomba. Alitoka taratibu tu, akasema, "Leo umechelewa, mke wangu."

Nakwambia, Kaka, maneno hayo yaliniuma kabla ya chuma.

Alikuwa na bisibisi ndefu, ile ya kuchokonolea vitasa. Alilenga shingo. Niliinama, ikaingia begani, kushoto, mpaka kwenye mpini, nikaisikia inakwaruza mfupa. Najua mlio huo, nausikia kila siku kazini. Alitaka kuichomoa anichome tena, nikamshika kichwa kwa mkono mzima nikampiga puani kwa paji langu la uso. Pua ilivunjika kama mfupa wa kuku. Akaanguka kwenye mabomba yake, yakamporomokea.

Hapo nikakimbia. Bisibisi imo begani, inacheza kila hatua. Nilivuka daraja la reli namsikia nyuma, anakohoa, anatema, ananiita majina. Nikamjibu. Ulisema nikimbie mwendo wa kuweza kutukana, basi nilimtukana yeye na ukoo wake mpaka kiwanda cha sabuni, na wafanyakazi wa zamu wakachungulia madirishani. Hakuna aliyeshuka.

Bosi alikuwa ndiyo kwanza anafungua. Aliniona, hakuuliza, akanivuta ndani, akabamiza geti la nondo na kusukuma komeo, kisha akaenda nyuma kupiga simu polisi. Yule mtu akafika. Alikuwa amejaa damu mdomoni na anacheka. Akalitazama lile geti, akatazama komeo, kisha akatingisha kichwa, kama fundi anayeona kazi mbovu ya fundi mwenzake. Akapitisha mkono katikati ya nondo kufungua.

Shoka la mifupa lilikuwa juu ya gogo. Nililinyanyua kwa mkono mmoja na kulishusha.

Vidole vitatu vilibaki upande wangu. Mwanzoni hakupiga kelele. Aliutazama mkono kama kufuli lililomkatalia. Kisha akalia, Kaka, na mimi nikanyanyua shoka mara ya pili, maana mkono ulikuwa bado umo ndani, na juu ya mkono kuna kiwiko, na juu ya kiwiko kuna bega, na mimi najua pote panapoachia. Bosi ndiye aliyenikumbatia kutoka nyuma. Alinishikilia hadi polisi walipofika. Mpaka leo mbavu zinauma aliponibana.

Sasa nisikilize. Mguu wako ulivunjwa Machi. Machi! Wewe mwenyewe uliviziwa ukavunjwa, ukajua kwa mfupa wako mtu anayepita saa moja njia moja hupatikana vipi, na siku chache baadaye ukanishika sikio ukaniambia nisihamishe saa. Nilikuwa na barabara nyingine. Nilishaichagua, nilikuwa mlangoni. Nilirudi kwa ajili yako, kuzunguka na mtu aliyelala chali!

Nina hasira na wewe hadi meno yananiuma, hata lile lisilokuwepo. Na goti lako nimelililia usiku mzima. Yote mawili ni ya kweli, sijui niyaweke wapi.

Kobe


9 Mei

Kobe,

Sina la kujitetea. Niliogopa ukiniona kilema utaona nimekuacha. Nikakuacha kweli.

Daktari wa hapa anasema, kwa jinsi ulivyokieleza kidonda, bega litapona. Sikujua nimuulize nani mwingine.

Mimi natoka mwezi wa tisa, wamenithibitishia. Kwa gongo, lakini natoka. Na nikitoka, Kobe, nina shughuli moja. Huyo mtu amebakiwa na vidole saba. Nitaanza na hivyo. Askari anayesoma, safari hii si utani, andika.

Halafu nakuomba kitu. Usiache kukimbia. Nimekaa hapa nawaza, hata kama mimi sikimbii, naweza kutembea ua kwa gongo. Tuanze upya, bila uongo. Chagua saa nyingine yoyote, chagua njia nyingine, niambie tu ni saa ngapi na unapita wapi, na mimi saa hiyo nitakuwa natembea nikikuwaza. Nikijua ulipo nitalala usingizi.

Nisamehe.

Tofali


20 Mei

Kaka Tofali,

Shikamoo. Niko kwa Shangazi, nalala juu ya magodoro matatu kama malkia. Anakusalimu. Anasema kuanzia sasa siri yoyote atakayopewa ataisoma kwa sauti sokoni.

Yule bwana yuko chini ya ulinzi, pingu moja kwenye mkono mzima na nyingine kwenye kitanda cha hospitali. Nimetoa maelezo yangu yote, na shoka nimelitaja mwenyewe. Mpelelezi ameniambia sitashtakiwa. Kwa hiyo usimguse. Sijatoka kwenye mikono ya mwanamume mmoja anayejua kunitafuta ili niishi nikisubiri habari za mwingine aliyeua kwa jina langu. Ukimgusa, mimi na wewe basi, na gongo lako nitalipasua kuni. Nilisema sitaki kufa wala kuua. Sikusema uniulie.

Nimeanza tena kukimbia. Mkono umefungwa kifuani, naenda upande upande, watoto wa jirani wananiigiza. Siku ya kwanza nilikaa kitandani nikingoja kuona ni nini kitaniamsha. Kengele hakuna. Wewe hukimbii, nimeshajua. Hofu ipo, lakini imezeeka. Nilikaa, nikakaa, nikaona hakuna mtu yeyote duniani anayenisubiri popote. Nikavaa viatu.

Siku nyingine natoka asubuhi, nyingine jioni, nyingine naacha kabisa na hakuna anayezunguka peke yake kama mwehu. Njia naichagua nikiwa mlangoni. Punda wako anasimama katikati ya barabara ananitazama, namvuta masikio, tunaenda. Nimefika mbali kuliko nilivyowahi kufika kule.

Nimekusamehe karibu yote. Kilichobaki nitakimaliza ukija, nikuone uso kwa uso.

Umeniuliza saa ngapi na napita wapi. Nakupenda, Kaka, na damu yangu ningekupa.

Sikwambii.

Kobe